Kiajemi cha Kizimbani

Buchani, 3 Februari

Kwako binti wa kaka yangu,

Kama hujala, kula kwanza ndipo usome. Huku sote wazima. Baba yako kifua kimemwachia, anakusalimu. Mdogo wako kaota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila anayembeba. Bucha liko wazi, nililifunga siku za msiba tu. Mimi nami mzima, usiniulize zaidi ya hapo.

Simu usinipigie. Kwenye simu unanilainishia sauti kama unambembeleza mgonjwa, na mimi siumwi, nina hasira. Niandikie.

Neno lenyewe ni hili. Muuaji wa mwanangu Twiga wamemhamishia huko kwenu, mahakama kuu. Hapa walimfikisha kwa hakimu mara moja tu, nikamrushia mfupa wa paja niliotoka nao kazini, ukampata polisi puani. Basi nimepigwa marufuku kukanyaga mahakama yoyote kesi hii ikisikilizwa. Ningelenga vizuri, mwanangu, tusingekuwa na haja ya mahakama.

Ulikuja mazikoni ukaondoka, hukusikia yote, kwa hiyo nakueleza. Ile karakana ya kuchomelea mageti anayosimamia baba yako, tajiri wake alileta mafundi wageni kutoka mbali, akawa anawalaza humo humo ndani. Jioni mlango unafungwa kwa nje, wasitoroke kabla ya mkataba kuisha. Tulizoea. Siku ile likavuma neno kwamba mmoja wao kampiga mtoto wa hapa mtaani kwa nondo. Kweli au uongo, nani aliuliza? Mtaa mzima ulibeba mawe na petroli. Nami nilikuwepo, nilirusha mawe yangu, kisha nikarudi kufunga bucha. Wageni wawili waliungulia mle ndani. Wengine mlango wa nyuma uliwafungukia, wakatoka. Na hapo mlangoni ndipo Twiga alipookotwa, fuvu limebonyea, na yule mshenzi kapiga magoti juu yake, nyundo iko pembeni. Watu walimpiga mpaka mikono ikachoka. Laiti polisi wangechelewa kidogo.

Sasa wanasema hajui lugha yoyote ila Kiajemi, na kesi imekwama kwa kukosa wa kumfasiria. Miaka yote nilikucheka, kwamba Kiarabu sawa, mtu atapata kazi, lakini Kiajemi cha nini, utamsomea nani mashairi ya bulbuli na waridi? Nayameza maneno yangu bila maji. Nenda ukamsikilize. Nataka anyongwe, na nataka kujua mwanangu alikufaje. Yote mawili.

Ni mimi shangazi yako, uliyenikojolea mgongoni ukiwa mchanga.


Chuoni, 20 Februari

Shikamoo shangazi,

Nimekula. Namshukuru Mungu sijambo, ila baridi ya bweni letu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwambie baba nimepata viatu alivyonitumia, vinanitosha kabisa. Pakeni ndimu vidoleni mwenu, mdogo wangu ataacha kung'ata.

Masomo yanakwenda. Asubuhi ni Kiarabu, sarufi mpaka macho yananiuma. Mchana ni Kiajemi, na darasani tuko wanne tu. Mwalimu wetu tunamwita Nukta, maana ukisahau nukta moja juu ya herufi anakukata alama bila huruma. Muhula huu tunasoma diwani za kale na adabu za wenyewe, jinsi wanavyokaribishana, jinsi mtu anavyokataa kwanza kitu anachokitaka ili asionekane mlafi, mpaka abembelezwe. Zamani ningekuandikia kurasa nzima juu ya hayo.

Mahakama ilimwita Nukta. Akasema ana presha, akanitaja mimi. Nilienda. Sikumwambia mtu kuwa marehemu ni binamu yangu, na majina yetu hayafanani, hawakuuliza.

Nilidhani nitakutana na jitu. Ni kijana, pengine kanizidi miaka michache. Jicho moja limefumba, vidole viwili vimefungwa kwa kipande cha shuka, na meno ya mbele hana. Chumba hakina dirisha, meza ni ya bati, imekazwa sakafuni kwa boliti. Nikamsemesha Kiajemi changu chote kizuri. Alinikodolea jicho lake zima, kisha akacheka na damu ikamtoka kwenye fizi. Akasema, "Dada, unaongea kama maandishi ya kwenye kaburi la mfalme." Nilimchukia hapo kuliko nilivyomchukia nikiwa njiani.

Mpelelezi akamsogezea kikombe cha maji. Yeye akaweka mkono kifuani, akasema asante, hahitaji. Midomo yake imepasuka kwa kiu, shangazi. Nilijua hajakataa, ile ni adabu yao, anangoja aambiwe mara ya pili. Ningesema neno moja angekunywa. Sikulisema. Nilifasiri tu kwamba hataki. Mpelelezi akayamwaga sakafuni, akampiga na kile kikombe mdomoni kwa kuwa ana maringo. Nilifurahi, nakwambia ukweli, nilifurahi kwa ajili ya Twiga. Halafu nikatoka nje bombani nikashindwa kunywa maji.

Amekiri kwamba alimpiga Twiga kwa nyundo, pigo moja. Mengine aliyosema nipe muda. Hivi baba aliwahi kukwambia alikuwa wapi moto ulipokuwa unawaka? Nauliza tu.

Mwanao.


Buchani, 9 Machi

Kwako msomi,

Salamu zako zimefika. Ndimu haikusaidia, mtoto kaipenda, sasa anatung'ata akidai ndimu. Jirani wa kushoto kajifungua pacha. Msumeno wa mifupa umekatika jino, nimepeleka kunolewa.

Mimi nakuuliza ya mwanangu, wewe unaniuliza ya baba yako! Baba yako alikuwa amelala, dawa za kifua zilimlevya. Ndivyo alivyowaambia polisi, na funguo zilimpotea kwenye vurugu. Huyo kaka yangu ndiye anayenikatia kuni kila asubuhi tangu msiba. Analia kuliko mimi mama mtu. Mwache.

Huku hakujatulia. Juzi vijana wamevunja kibanda cha kinyozi, wamemchana uso kwa wembe wake mwenyewe, kisa ni mgeni. Maskini ya Mungu, hata Kiajemi chenyewe hakijui, katoka upande mwingine kabisa wa dunia. Mwanamke mmoja akaniambia sokoni kwamba Twiga alikwenda kule kuiba vyuma. Nilimshika nywele nikamgongesha kichwa kwenye mizani yangu mpaka sindano ikapinda. Sasa wateja wanalalamika napunja.

Nisikilize. Yule akisema aliogopa, wewe sema alikasirika. Akisema pigo moja, sema matatu. Nani atajua? Nukta yuko nyumbani na presha yake. Baba yako ameitwa kutoa ushahidi upande wa serikali, naye atasema alilopangiwa. Mkishirikiana nyinyi wawili, kamba inamngoja. Sikuombi, nakuamuru. Ukishindwa, usije ukagonga mlango wangu, nitakufungulia na shoka mkononi.

Shangazi yako.


Chuoni, 2 Aprili

Shikamoo shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa na kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika. Bwenini walisikia kwamba namsemea muuaji, wakaningoja chooni. Walinipiga kwa ndoo na kwa ufagio wa mti, na mmoja akanikanyaga mkono huku akiniambia niite kwa Kiajemi. Niliita kwa lugha ya mama yangu kama kila mtu. Usimwambie baba. Hongera kwa jirani.

Pigo lilikuwa moja, shangazi, na litabaki moja. Njoo na shoka lako.

Sasa nakuandikia alichosema. Ndani moshi ulikuwa umejaa, wanagonga mlango kwa nyundo, nje wanasikia mawe na kelele. Wenzake wawili walikuwa wameshaanguka. Mara mlango ukafunguka. Akadhani ni sisi watu wa mtaa tumeingia kuwamalizia. Akampiga mtu wa kwanza aliyemwona, kivuli tu. Kivuli kikaanguka na wenzake wakakiruka wakakimbia. Yeye alibaki. Nilimuuliza kwa nini hakukimbia, akasema alimsikia yule aliyeanguka anaongea, na haikuwa sauti ya adui, ilikuwa sauti ya mtoto anayezungumza na watu wa nyumbani. Akapiga magoti akamshika kichwa. Ndivyo watu walivyomkuta.

Hakuelewa hata neno. Lakini ameyahifadhi. Shangazi, unakumbuka tulivyofundishwa kusoma Kiarabu utotoni, sura nzima nzima, hatujui tunasema nini, tukikosea irabu tunachapwa? Naye alilelewa hivyo hivyo huko kwao, kwa fimbo ile ile. Anaweza kushika sauti bila maana, akakaa nayo. Kila siku gerezani anayarudia yasimpotee, kwa sababu, anasema, ni amana ya mtu.

Nikamwambia asome. Akafumba jicho, akaanza, na pale kwenye meza ya bati nikamsikia Twiga. Vituo vyake, kule kuvuta maneno kwake, mpaka kikohozi cha katikati alikikohoa. Nilijikuta nimeushika ukingo wa meza.

Alisema hivi: "Nimefungua. Tokeni, tokeni. Mwambieni mama asinigombeze."

Twiga hakwenda kuiba wala kutazama. Alikwenda kufungua. Kijana ananiuliza kila nikienda, maneno yale maana yake nini? Bado sijamwambia.

Mwanao.


Buchani, 21 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Leo sina habari za jirani.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilifunga bucha mchana kweupe. Nililia kwa sauti mpaka mbwa wa mtaani wakaja kunitazama. Asinigombeze! Mtoto anakata roho na bado anaogopa mdomo wangu.

Kisha nikafikiri, maana mimi sikusoma chuo lakini si mjinga. Mlango ule una kufuli. Kufuli halifunguliwi kwa huruma. Funguo Twiga alizipata wapi?

Nilimsomea baba yako barua yako, isipokuwa ya mkono wako, nikidhani itamfariji. Aliweka shoka la kuni chini akaenda zake, na tangu hapo hanitazami usoni. Kuni hazijakatwa.

Mwanangu alikuwa msemaji. Penye maneno kumi alisema ishirini. Wewe umeniletea machache kama ya simu ya upepo inayolipiwa kila neno. Umenikatia nyama, mwanangu, na mimi kukata nyama ndiyo kazi yangu, najua pande likipungua. Nitumie lililobaki. Baba yako anasafiri kuja huko kwenye kesi. Mkono wako usiupe kazi nzito.

Shangazi.


Chuoni, 18 Juni

Shikamoo shangazi,

Mkono umeunga, umepinda kidogo. Mitihani ya Kiarabu nimemaliza. Wa Kiajemi sikuufanya, siku hiyo nilikuwa mahakamani, na Nukta akasema atanipa mwingine. Alikuja kunisikiliza, amekaa nyuma kabisa na presha yake.

Ni kweli nilikukatia. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikaa nalo miezi yote, nikisema wakili wa kijana hajui, jaji hajui, nikinyamaza ninabaki na baba, na kijana ananyongwa, na wewe unapata ulichotaka. Kila mtu anapata kitu. Usiku silali, nikilala naota naulizwa maana.

Baba alifika amevaa koti lake la harusi za watu. Alinikumbatia mlangoni, akanipa mfuko wa karanga ulizonitumia, akaushika mkono wangu mbovu akauliza nani kaufanya hivi, aende akamvunje wake. Ndiye baba yangu, shangazi. Kisha akapanda kizimbani akaapa kwamba alikuwa amelala na funguo zilipotea.

Kijana akapandishwa. Wakili wake akamuuliza kama marehemu alitamka lolote, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia wakili aulize. Nilifanya hivyo asubuhi ile, kabla ya karanga. Nikamgeukia kijana nikamwambia kwa Kiajemi, soma amana yako yote.

Akafumba macho akasoma. "Nimefungua. Tokeni, tokeni. Mjomba kaninyima funguo, nimempokonya. Kasema waacheni waive. Mwambieni mama asinigombeze."

Hakuna aliyenihitaji hapo. Ukumbi mzima ulielewa, isipokuwa aliyekuwa anasema. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Baba aliruka benchi, akamkaba kijana koo kwa mikono miwili akipiga kelele, "Mwongo! Mwongo!" Kijana macho yalimtoka. Polisi wakampiga baba kirungu cha kisogoni, kikalia kama kinu, na bado hakuachia mpaka walipomvunja vidole. Jaji akagonga meza, akasema, "Mwongo gani huyu anayetunga uongo kwa lugha asiyoijua?"

Walipomtoa baba, kijana akanigeukia, shingo imeingia alama za kucha, akaniuliza, nimesema nini? Kazi yangu ndiyo hiyo. Nikamfasiria neno kwa neno, kwamba yule aliyempiga alikuja kuwafungulia.  Akaanza kupiga kipaji cha uso kwenye mbao ya kizimba, tena na tena, mpaka damu ikaruka kwenye gauni langu. Askari watatu hawakumweza.

Amehukumiwa kuua bila kukusudia, miaka si mingi. Baba ameshtakiwa, atapewa dhamana. Lakini kijana hali chakula tangu siku ile. Anaisukuma sahani. Daktari wa gereza ameniita nimbembeleze. Nimejaribu Kiajemi cha vitabuni na cha mtaani, simuwezi. Anasema mkono ulioua mtu yule haustahili kubeba tonge. Mifupa inamtoka.

Sijui kama bado nina baba. Sijui kama nina mahali pa kurudi likizo.

Mwanao, kama unaniita hivyo.


Buchani, 7 Julai

Mwanangu,

Kula kwanza. Mdogo wako katembea, kaanguka, kapasuka mdomo, anatembea tena. Pacha wa jirani hawajambo. Mizani nimenunua mpya.

Baba yako amerudi kwa dhamana. Alikuja buchani asubuhi, foleni imejaa, akasimama kwenye kizingiti na vidole vyake vya plasta.  Akasema tu, "Dada." Nilikuwa nimeshika panga la nyama. Wateja walitawanyika kama kuku. Nilimpiga, sikufichi. Nilimpiga kwa ubapa, si kwa makali, na sijui mkono uligeuka saa ngapi, maana nia yangu ilikuwa makali. Bega lilivunjika kwa pigo la kwanza, nililisikia, mimi najua mlio wa mfupa. Alipoanguka nikaendelea. Nilimwambia, waive? Watu wa Mungu waive? Na mwanangu? Hakuinua mkono hata mara moja kujikinga. Walinitoa juu yake watu wazima wanne. Yuko hospitali, ataishi, atakwenda kujibu kesi yake akiwa na mkono mmoja unaofanya kazi. Jana nilimpelekea uji.  Nilimwekea nikaondoka.

Na mimi nilirusha mawe kwenye karakana ile. Wale wawili walioungua nitawakuta mbele ya Mungu, na sitakuwa na mkalimani.

Wewe usiniulize tena swali la kipumbavu kama una mahali pa kurudi. Chumba chako nimekifagia. Na masomo hayakatiki. Kama baba yako hatakusomesha, nitakusomesha mimi kwa mifupa na utumbo, Kiarabu na Kiajemi chote, mpaka Nukta akose pa kukukata. Ulifanya jambo zito na ulilifanya peke yako, na mkono wako umepinda. Ningekuwa mahali pako mimi ningefanya vile? Nisingefanya.

Sasa huyo anayesusa. Twiga aliogopa nitamgombeza. Ningemgombeza kweli, tena vibaya, umeingiaje kwenye moto wewe mjinga, huna mama? Halafu ningempakulia. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo nenda gerezani umwambie hivi, na usinilainishie hata neno moja. Mwambie namchukia. Mwambie kila nikikaa na kisu mkononi namfikiria, na pengine itakuwa hivyo mpaka nife. Lakini mwanangu alimpokonya mjomba wake funguo, akaingia kwenye moshi, ili mtu atoke akiwa hai. Mmoja wa waliotoka ni huyo. Akijiua kwa njaa, Twiga atakuwa amefungua mlango bure, na hilo sitamruhusu, hata awe amejutia kiasi gani. Hana haki hiyo. Ameshaniulia mmoja.

Mwambie mama wa Twiga anasema ale. Asipokula nitakuja mwenyewe nimlishe kwa makofi.

Shangazi yako.